Gredi za embrio na IVF: maswali ambayo naulizwa kila siku kwa simu

Mimi ni nasi kwa kliniki ya uzazi hapa Nairobi, pale watu huja kwa IVF, yaani yai na mbegu zinakutanishwa maabara alafu embrio inawekwa kwa kizazi, na kazi yangu kubwa ni zile simu za asubuhi. Ukishavunwa mayai, kesho yake kuanzia saa tatu hivi mimi ndiye nakupigia kukuambia ni mangapi yamerutubika, nakupigia tena siku ya tatu, halafu siku ya tano. Nimepata watu wakiwa kwa matatu pale Ngara, wengine wako mkutanoni, wengine wamejifungia choo cha ofisi ndio wenzao wasisikie. Na maswali ni yale yale, kwa hivyo nimeyaandika hapa moja baada ya lingine. Huna haja ya kusoma yote, tafuta lako. Pia hii si ya kuchukua nafasi ya daktari wako, yeye ndiye ako na faili yako.

## Mambo ya kwanza

Embrio ni nini, na iko tofauti gani na yai?

Yai ni lako peke yako. Embrio ni yai ambalo limeshakutana na mbegu ya mwanaume na likaanza kugawanyika. Shuleni tuliita kiinitete lakini kwa kliniki hutasikia mtu akisema hivyo. Siku hizo za kwanza upana wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani hata ukiekelewa kwa kiganja hutaiona vizuri, ndio maana kila kitu kinafanyika chini ya darubini.

Nilivunwa mayai 12, sasa naambiwa embrio ni 3. Zingine zimeenda wapi?

Hili ndilo swali namba moja na najua linauma, juu umedungwa sindano siku kumi na kitu, umelipa, alafu kila simu namba inapungua. Hakuna mtu amezitupa ovyo. Kwa wastani ukivuna mayai 10, kama 8 hivi yatakuwa yamekomaa, kama 6 yatarutubika vizuri, na kati ya hayo 6 ni 2 ama 3 tu yatafika siku ya tano. Hiyo ni kawaida hata kwa mama wa miaka 28 asiye na shida yoyote, na hata kwa wale wanaoshika mimba nyumbani embrio nyingi hupotea kimyakimya kabla hata mtu ajue. Tofauti ni kwamba wewe unapigiwa simu kuambiwa.

Kwa hivyo 3 kutoka 12 si mbaya. Watu hulinganisha na rafiki yao aliyepata 8, lakini yule rafiki ako na umri tofauti na mayai tofauti, huwezi jua.

Kila siku mnaangalia nini?

Siku ya kwanza, saa 16 hadi 18 baada ya kurutubisha, embriolojisti, yule mtaalamu wa maabara anayelea embrio, anatafuta viduara viwili ndani ya yai, kimoja kimetoka kwako na kingine kwa bwana yako. Hiyo picha inakaa masaa machache tu alafu viduara vinapotea, ndio maana anaingia maabara mapema kabla foleni ya Thika Road haijaanza. Akiona viduara vitatu hiyo embrio inawekwa kando, mara nyingi ni mbegu mbili ziliingia na kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, zimezidi, haiwezi kutumika hata kama itaendelea kugawanyika vizuri.

Siku ya pili tunatarajia seli 4. Siku ya tatu tunatarajia 8 hivi. Siku ya nne seli zinashikana zinakuwa kama tunda la forosadi, inaitwa morula, na siku hiyo wengi hawapigiwi simu juu hakuna mengi ya kusoma, usiogope ukikosa simu. Siku ya tano inafaa kuwa blastosisti: inajaa maji katikati, na seli zimegawana kazi, kikundi kimoja ndani ndicho kitakuwa mtoto, na wale wa nje ndio watakuwa kondo la nyuma.

## Kusoma gredi

4AA, 3BB, 5BC, hizi ni nini?

Ni namba moja na herufi mbili, na ukishajua zinasomwa vipi hutahitaji Google. Huu mfumo ulitoka kwa David Gardner na wenzake mwaka 1999 na ndio maabara nyingi zinautumia.

Namba inaenda 1 hadi 6 na inasema embrio imejaa na kutanuka kiasi gani. 1 na 2 bado inaanza kujaa maji, 3 imejaa, 4 imetanuka hadi ganda lake limekuwa jembamba, 5 imeanza kutoka kwa ganda kama kifaranga, 6 imeshatoka kabisa. Namba si alama, ni saa. Embrio ambayo ni 2 saa mbili asubuhi inaweza kuwa 4 jioni.

Herufi ya kwanza ni ya zile seli za ndani, zitakazokuwa mtoto. A ni nyingi na zimeshikana, B ni chache kidogo ama zimelegea, C ni chache sana. Herufi ya pili ni ya seli za nje, A zimejipanga vizuri kama mawe ya ukuta, C ni kubwa kubwa chache na kuna mapengo. Watu hukimbilia ile herufi ya kwanza juu ndiyo ya "mtoto", lakini seli za nje ndizo zinashika ukuta wa kizazi, na tafiti kadhaa zimeona zinasaidia kutabiri kama itashika, pengine hata kuliko zile za ndani.

Hiyo C ni kama C ya KCSE?

Hapana, hii si kama ule mtihani wa kumaliza sekondari, na nimeulizwa hivi mara nyingi mno. Nilimpigia mama mmoja akiwa kwa kibanda chake cha mboga, nikasikia akimwambia mteja ngoja kidogo, akaandika 4BC kwa lile gazeti la kufungia dhania, akanyamaza, alafu akaniuliza pole pole, "Sista, hiyo C itaingia chuo?" Nilijua ako serious kabisa. Tumelelewa tukijua herufi ndizo zinaamua maisha ya mtu, kwa hivyo ukisikia C moyo unaanguka.

Gredi ya embrio ni mtu ameangalia kwa darubini dakika chache akaandika venye ameona. Haikupima ndani. Yule mama wa mboga yake haikushika. Mwezi uliofuata mama mwingine akawekewa 4BC vilevile na ikashika. Sina sababu ya kukupa kwa nini huyu na si yule.

Sasa gredi inaniambia nini kwa kweli?

Inapanga foleni. Ukiwa na embrio nne, gredi inatuambia ni gani iende kwanza na gani ingoje kwa tanki. Kwa hiyo kazi ni nzuri sana, juu ukichukua embrio mia za AA na mia za CC, zile za AA zitaleta watoto wengi zaidi, hilo limeonekana tena na tena dunia nzima.

Lakini wewe huna mia, ukona moja, na kwa ile moja gredi haiwezi kusema ndio ama la. Hata embrio nzuri kabisa ya mama kijana haina uhakika. Takwimu za Uingereza, ambako kila saiko, yaani kila raundi ya IVF, lazima iripotiwe kwa serikali, zinaonyesha kwa wanawake chini ya miaka 35 kila embrio inayowekwa ina nafasi ya takriban theluthi moja kuwa mtoto aliyezaliwa. Theluthi moja, na hao ndio walio na nafasi kubwa. Soma hiyo tena kabla hujajilaumu.

Niliwahi kukosea hapa. Kliniki niliyokuwa zamani, sitaitaja, nilimpigia dada mmoja nikamwambia "ni 4AA, hii ni mtoto tayari". Nilikuwa nafurahi naye. Kumbe alitoka kazini akaenda Gikomba akanunua nguo za mtoto, za njano, za kufaa mvulana ama msichana. Siku kumi na mbili baadaye ni mimi nilimpigia tena na majibu yalikuwa hasi, na kitu cha kwanza aliniambia si kilio, aliniuliza "Na ulisema?" Tangu siku hiyo nasoma gredi, naeleza, na siongezi neno. Ukiona sista wako hashangilii kwa simu, usidhani anakuficha kitu.

Yangu ya pekee ni ya gredi ya chini. Nikubali iwekwe?

Kama ndiyo ya pekee na maabara imesema inafaa kuwekwa, wengi wanakubali na mimi ningekubali. Nafasi ni ndogo kuliko ya AA, hilo sitakudanganya, lakini ndogo haimaanishi hakuna. Ambacho uulize daktari ni hiki: je, kuna haja ya kuiweka sasa ama tuigandishe na tuvune tena mara moja tuwe na za kuchagua? Inategemea umri na mfuko wako. Kwa mama wa miaka 41 hili swali ni la maana kuliko kwa wa 30. Kuna embrio pia ambazo maabara haitazigandisha juu haziwezi kuhimili, hizo ni kuweka freshi, yaani bila kugandisha, ama kuacha.

Embrio ya gredi mbaya italeta mtoto mgonjwa?

Hapana. Ikishika na mimba ikaendelea, tafiti zilizolinganisha watoto waliotoka kwa embrio za gredi ya juu na za chini hazijapata kwamba hawa wa chini wanazaliwa na kasoro zaidi. Gredi inahusu uwezekano wa kushika. Hakuna mwalimu atakayekuja kumwambia mtoto wako alikuwa BC.

Ripoti yangu inasema kuna fragmentesheni. Ni mbaya?

Embrio ikigawanyika wakati mwingine inaacha makombo, vipande vidogo vya seli visivyo na kiini. Chini ya asilimia 10 ni kidogo, hakuna mtu anajali sana. Kati ya 10 na 25 ni wastani. Juu ya 25 ndio tunaanza kuwa na wasiwasi, ingawa zingine hujisafisha zikafika siku ya tano vizuri. Hii ripoti ni ya siku ya pili na ya tatu, embrio ikishakuwa blastosisti tunatumia ile ya herufi.

Kliniki ya kwanza walisema "gredi 1", nyinyi mnasema 4BB. Nani anasema ukweli?

Wote. Kuna maabara zinapanga embrio za siku ya tatu kwa 1 hadi 4 na 1 ndiyo bora, kwingine 1 hadi 3, kwingine wanaandika "8A". Wataalamu walikutana Istanbul wakakubaliana lugha moja, ikachapishwa 2011, lakini si kila maabara inaifuata. Usilinganishe ripoti mbili kabla hujauliza 1 yao ni ya juu ama ya chini. Na hata ndani ya maabara moja, embriolojisti wawili wanaweza angalia embrio moja, mmoja aseme B mwingine aseme C.

## Kwa nini embrio inakuwa vile iko

Niko na miaka 39 na nimepata 5AA. Umri umeacha kuwa shida?

Pole, umri haujaacha. Embrio inaweza kuwa nzuri kwa macho na ndani kromosomu zimezidi ama zimepungua, na hizo huwezi kuona kwa darubini. Mayai yako ulizaliwa nayo, yamengoja miaka 39, na ile kazi ya kugawa kromosomu sawasawa inazidi kuwa ngumu kadiri yanavyokaa. Chini ya miaka 35 kama embrio 3 kati ya 10 za siku ya tano zina shida ya kromosomu, ukikaribia 40 ni kama nusu ama zaidi, na ukifika 43 au 44 nyingi zinakuwa nazo, 8 kati ya 10 hata kupita.

Kwa hivyo 5AA ya miaka 39 na 5AA ya miaka 29 hazina nafasi sawa ingawa picha ni pacha. Hata hivyo ukiwa 39, kati ya embrio zako zote hiyo 5AA bado ndiyo ya kwanza kwa foleni. Hiyo pia ndiyo sababu mimba inaweza kuharibika hata kama gredi ilikuwa ya juu, zaidi ya nusu ya mimba zinazotoka mapema ni shida ya kromosomu, si kitu ulikula ama ulibeba.

Zote zilikuwa sawa siku ya tatu, alafu zikasimama. Ilikuwa nini?

Siku tatu za kwanza embrio inaendeshwa na akiba iliyokuwa ndani ya yai la mama, kama gari linalokwenda na mafuta yaliyokuwa ndani ya tanki. Ikifika kama seli 4 hadi 8 inabidi iwashe jeni zake yenyewe, za mama na za baba pamoja. Zile ambazo haziwezi kuwasha zinasimama hapo. Ndio maana simu ya siku ya tatu inaweza kuwa tamu na ya siku ya tano ikawa ngumu, na si kwamba maabara ilizichoma.

Kusimama kwa baadhi ni kawaida kabisa. Kusimama kwa zote, na hasa ikitokea mara mbili, inafaa mkae na daktari mwangalie mayai, dozi ya dawa, na mbegu. Mbegu husahaulika, soma jibu linalofuata.

Mzee wangu ako na mtoto wa nje, kwani bado anahitaji kupimwa?

Ndio, mwambie aende. Mtoto wa miaka tisa iliyopita anasema mbegu zilikuwa sawa miaka tisa iliyopita. Upande wa mwanaume huchangia karibu nusu ya kesi zote za kukosa mimba, peke yake ama pamoja na shida ya mama, na nimeona mama amepita skani, kipimo cha rangi cha mirija ya uzazi, damu kila wiki, bwana bado anasema ako bize. Mbegu iliyoharibika DNA inaweza kurutubisha yai vizuri siku ya kwanza na shida ionekane baada ya siku ya tatu, jeni za baba zikiwashwa.

Habari nzuri ni kwamba mbegu hutengenezwa upya, inachukua kama siku 70 na kitu. Akiacha sigara leo, akapunguza pombe, akaacha kuweka laptopu mapajani, mbegu za miezi mitatu ijayo si hizi. Kwa hivyo aanze kabla yako, si wiki ya kuvuna.

Nikule nini ndio embrio zangu ziwe A? Nanasi? Mayai ya kienyeji? Mitishamba?

Embrio ikishakuwa kwa maabara hakuna chakula utakula kiifikie. Nanasi kula kama unapenda. Kabla ya saiko, miezi mitatu hivi, yanayosaidia ni yale ya kila siku: kuacha sigara, kuacha pombe, uzito kuwa karibu na wa kawaida, sukari na thairoidi kudhibitiwa, na foliki asidi mikrogramu 400 kila siku.

Mitishamba naomba uache wakati wa sindano. Sijui kilicho ndani ya ile chupa na wewe hujui, na ini lako tayari linafanya kazi ya ziada. Kama umeshakunywa, sema tu, hatutakugombeza.

Stima ikipotea embrio zangu zinakufa?

Swali la maana kabisa kwa mji wetu. Inkubeta, yale masanduku ya kulea embrio, zinakaa nyuzi 37, zina betri na jenereta nyuma yake, na ukitembelea kliniki yoyote una haki ya kuuliza "stima ikienda inachukua muda gani kurudi, na nani anapigiwa simu usiku". Wakikasirika kwa hilo swali, hilo ni jibu. Zilizogandishwa hazitegemei stima, ziko ndani ya naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, tanki linahitaji kuongezwa naitrojeni tu.

Kitu kingine ambacho watu hawajui: Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka baharini, na hewa yetu ni nyepesi. Kwa hivyo kaboni dioksidi ndani ya inkubeta lazima iwekwe asilimia ya juu kidogo kuliko maabara ya Mombasa, ndio asidi ya yale maji ya kulea embrio ikae mahali pake, karibu pH 7.3. Maabara ikinakili vipimo vya mji wa pwani bila kurekebisha, embrio zitateseka na hakuna mtu atajua kwa nini gredi zimeshuka. Embriolojisti mzuri hupima hiyo pH.

## Siku ya kuweka

Siku ya tatu ama siku ya tano?

Kama embrio ni nyingi, siku ya tano, juu zile dhaifu zimeshajitoa na tunachagua kati ya zilizobaki. Kama ni moja ama mbili, madaktari wengine huweka siku ya tatu kwa sababu hakuna cha kuchagua. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF duniani, aliyezaliwa Uingereza Julai 1978, alitokana na embrio iliyowekwa ikiwa na seli 8 tu, haikungoja siku ya tano. Siku ya tatu si adhabu.

Si tuweke mbili ama tatu, ikishindwa moja nyingine ishike?

Naelewa, hasa ukifikiria pesa, na mama mkwe anayesema mapacha ni baraka mara mbili. Lakini mapacha wanazaliwa mapema sana mara nyingi, presha ya mama inapanda, na wiki kadhaa wodi ya watoto njiti zinaweza kumaliza pesa kuliko saiko nyingine. Ukiwa na embrio nzuri na wewe ni kijana, moja, na zingine zigandishwe. Kuongeza embrio dhaifu kando ya nzuri hakuongezi nafasi sana, inaongeza hatari ya mapacha. Ukiwa na umri mkubwa na gredi za chini, mbili ni mazungumzo ya haki na daktari. Tatu, hapana, labda kesi ya kipekee sana.

Ya kugandishwa ni dhaifu kuliko freshi?

Zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi tunagandisha kwa haraka sana bila barafu kujitengeneza ndani ya seli, na zaidi ya 9 kati ya 10 zinaamka vizuri. Matokeo yanakaribiana. Wakati mwingine kugandisha ni bora, kama mwili wako umevimba kwa dawa ama projesteroni, ile homoni ya kuandaa kizazi, imepanda mapema.

Nikienda choo itatoka?

Haitatoka. Kuta za kizazi zinagusana kama mikate miwili iliyopakwa siagi na embrio iko katikati. Na ule mrija mwembamba wa kuwekea embrio ukishatolewa, embriolojisti anarudi nao kwa darubini kuhakikisha embrio haijabaki ndani, ndio maana unaambiwa ungoje dakika kidogo umelala na kibofu kimejaa. Akisema "iko wazi", yaani mrija hauna kitu, nenda ukojoe. Kulala siku tatu hakuongezi nafasi, hilo limepimwa. Panda matatu uende nyumbani.

## Mambo yakienda kombo, na kesi ngumu

Ilikuwa 4AA na haikushika. Nilifanya nini?

Hukufanya chochote. Mara nyingi ni kromosomu, jibu liko kwa swali la umri. Lakini kabla ya kuweka nyingine kuna vitu vya kuuliza, na cha kwanza kwangu ni mirija ya uzazi. Kwetu mirija iliyoziba kwa maambukizi ya zamani ni sababu kubwa ya watu kuja IVF, na mrija uliojaa maji unamwaga yale maji kwa kizazi na kuharibu nafasi, inaweza kupungua hata nusu. Watu husema "si IVF inapita kando ya mirija", ndio, lakini maji hayapiti kando. Inafaa utolewe ama ufungwe kwanza. Yule dada wa nguo za njano ndicho kilipatikana baadaye, mrija wa kushoto ulikuwa umejaa, na skani ya kwanza haikuuona.

Pia uliza kuhusu fibroidi (uvimbe) iliyoingia ndani ya kizazi, polipu (kinyama kidogo ndani ya kizazi), ukuta wa ndani wa kizazi ulio mwembamba chini ya milimita 7, na thairoidi. Fibroidi iliyo nje ya kizazi mara nyingi inaweza kuachwa.

Nipime kromosomu za embrio kabla ya kuweka?

Inaitwa PGT-A, wanatoa seli chache za nje siku ya tano na embrio inagandishwa ukingoja majibu. Haitengenezi embrio, inachagua tu. Jaribio kubwa lililochapishwa 2019 halikuona kwamba inaongeza mimba kwa jumla kwa wanawake wa miaka 25 hadi 40. Ukiwa na miaka 38 kwenda juu na embrio nyingi, ama umepoteza mimba kadhaa, inaweza kukuokolea muda na uchungu. Ukiwa na 30 na embrio mbili, hizo pesa ziweke kwa saiko. Ukiambiwa embrio ni "mozaiki", yaani seli zingine sawa zingine la, usikubali itupwe haraka, watafiti wa Italia waliripoti mwaka 2015 watoto wazima waliozaliwa kutoka kwa hizo.

Wananiuzia inkubeta yenye kamera. Nilipe?

Kamera inapiga picha kila dakika chache bila kutoa embrio nje, na kwa embriolojisti ni raha. Lakini jaribio la Uingereza na Hong Kong lililotoka 2024, wanawake zaidi ya 1,500, halikuona watoto zaidi wakizaliwa. Kama iko ndani ya bei, sawa. Kama ni ya kuongeza, mimi singelipa.

Yangu imefika blastosisti siku ya sita. Imechelewa sana?

Imechelewa kidogo, nafasi inashuka kidogo, bado ni embrio nzuri na watoto wengi wametoka hapo. Kawaida inagandishwa iwekwe mwezi ambao kizazi kinaendana nayo. Siku ya saba nafasi ni ndogo zaidi, ila kama ndiyo pekee usiikimbie.

Nikitumia mayai ya kupewa, ni umri wa nani unahesabiwa?

Wa aliyetoa mayai. Mama wa 46 akipewa mayai ya dada wa 25, embrio ni za miaka 25. Umri wako wewe unaingia kwa mambo ya presha, sukari na kubeba mimba yenyewe, kwa hivyo moyo na damu vitapimwa kwanza.

Embrio zetu mbili ziko kwa tanki na tumeachana. Ni za nani?

Naulizwa hili kwa sauti ya chini kuliko lingine lolote. Cha kwanza kuangaliwa ni ile fomu mliyosaini kabla ya kuvuna, kuna ukurasa unaouliza mkiachana, mmoja akifa, ama mkiacha kulipa ada ya kila mwaka, zifanywe nini. Wengi husaini wakiwa na haraka ya kuingia thieta. Sheria yenyewe ya haya mambo ndiyo Millie Odhiambo, mbunge wa Suba North, amepambana nayo bungeni miaka mingi kwa mswada wa uzazi wa kusaidiwa. Kliniki haitaweka embrio mmoja wenu akikataa, kwa hivyo usije na mpango wa kutumia jina la zamani. Kama hamjafika huko, omba nakala ya fomu wiki hii, usome ule ukurasa na mzee wako mezani, na mkitaka kubadilisha mnakuja wote wawili na vitambulisho, inachukua kama nusu saa.